Mwangaza wa nyuma unapopiga macho: vioo, taa na mizigo yetu ya usiku



Mumezoea kutuona hapa tukizungumza mbegu, mbolea na magunia. Safari hii tunazungumza njia, kwa sababu mazao yetu mengi yanasafiri gizani. Nyanya, shu, vitunguu na lengalenga vinatakiwa kufika soko la mtaa wa Kenya, pale Lubumbashi, kabla jua halijapanda. Mahindi nayo yanapakiwa saa yoyote kamyo inapopatikana, na mara nyingi inapatikana jioni. Na juu ya magunia, tunajua wote, wanakaa watu: mama mwenye mzigo, kijana wa kupakua, wakati mwingine mukubwa wa koperative mwenyewe na pesa ya wanamemba mfukoni.

Kwenye gudro ya Likasi, karibu kilometa 120 kutoka Lubumbashi, na kwenye ile ya Kasumbalesa, karibu kilometa 90, motoka zetu hazitembei peke yake. Kuna makamyo makubwa yanayopeleka shaba na kobalti mpakani na kurudi na bidhaa. Taa zao ziko juu, karibu sawa na kichwa cha mutu anayeendesha motoka ndogo. Kamyo ya namna ile ikikaa nyuma yako, kioo cha kuangalia nyuma, kile mashofere wanaita retrovizeri, kinageuka kama jua ndogo. Shofere mumoja akisema «ile mwangaza ya nyuma njo inaniua macho», usifikiri anatafuta sababu ya kuchelewa. Anasema kitu cha kweli.

Jicho linafanya kazi namna gani? Usiku mboni inafunguka ili kukusanya mwangaza kidogo uliopo. Mwangaza mkali ukiingia kwa ghafula, mboni inajifunga, na ndani ya jicho sehemu zilizozoea giza zinachoka mara moja. Mwangaza ukiisha kupita, jicho linahitaji sekunde kadhaa kabla ya kuona tena vizuri, na kwa mutu mwenye umri mkubwa sekunde zile zinaongezeka. Kuzoea giza kabisa kunaweza kuchukua dakika 20 mpaka 30. Sasa tufanye hesabu. Motoka inayotembea kilometa 60 kwa saa inakwenda karibu meta 17 kila sekunde. Sekunde 3 za kutoona vizuri ni meta 50, nusu ya uwanja wa mpira. Ndani ya meta zile 50 kunaweza kuwa kinga ya makala: mutu anasukuma baiskeli yenye magunia matatu, hana taa, anavaa nguo nyeusi, anaelekea soko lile lile tunalokwenda sisi. Na mara nyingi ni mwanamemba wetu.

Tuanze basi na kioo cha ndani, kile kilicho katikati juu ya parabrizi.

Wengi wameona kijiti kidogo chini ya kioo kile, wakafikiri ni cha kukishikilia tu. Hapana. Kijiti kile njo dawa yenyewe, na hakiombi hata franka moja. Kioo cha ndani hakikutengenezwa kama kioo cha kunyolea ndevu. Ukikitoa utaona upande mumoja ni munene kuliko mwingine, kama kabari ya kupasulia kuni. Nyuma yake kuna rangi ya fedha. Muchana, picha unayoiona inatoka kwenye rangi ile ya fedha, ambayo inarudisha sehemu kubwa sana ya mwangaza. Ukigeuza kijiti, kioo kinainama kidogo, na mwangaza wa ile fedha unatupwa juu, kwenye dari ya motoka, ambako haumsumbui mutu. Kinachobaki mbele ya macho yako ni picha inayorudishwa na uso wa kioo wa mbele tu, ule ambao hauna fedha. Uso ule unarudisha karibu sehemu 4 kwa 100. Ni kama ukijitazama katika maji ya ndoo au kwenye dirisha la duka: unajiona, lakini hafifu. Taa za kamyo unaendelea kuziona, unajua iko wapi na kama inakaribia, bila kuchomwa macho.

Kuna mambo mawili ambayo watu wanasahau. La kwanza, panga kioo kwanza wakati kijiti kiko katika hali ya muchana, uone dirisha lote la nyuma. Baadaye njo ugeuze kijiti. Ukikipanga kikiwa tayari katika hali ya usiku, muchana kitaangalia pahali pengine kabisa. La pili ni la hatari zaidi. Katika hali ya usiku kioo kinakuonyesha taa, lakini kitu kisicho na taa kinapotea. Moto isiyo na taa, baiskeli, mutu anayevuka nyuma yako, hutawaona. Kwa hiyo ukifika mjini penye taa za barabarani, au ukitaka kurudi nyuma kwenye depo, rudisha kijiti mahali pake. Motoka zingine za kisasa hazina kijiti. Kioo chao kinajitia giza chenyewe kwa umeme kinapopata mwangaza wa nyuma. Kwa hizo, usibandike karatasi wala picha ya mtakatifu kwenye kioo, kwa sababu kuna kijicho kidogo pale kinachopima mwangaza, na ukikifunika, kazi inaharibika.

Lakini tuseme ukweli: kwa kamyo ya mizigo, kioo cha ndani hakina kazi. Magunia yamefunga dirisha la nyuma, ama dirisha lenyewe halipo. Mwangaza unaingia kwa vioo vya pembeni, na vile havina kijiti. Hapo shofere wengine wanafanya mambo tunayoyakataa kabisa. Wanakunja kioo cha pembeni. Wanakifunika na soksi. Wanakipaka grisi au matope. Tumesikia hata sifa: «Mimi sihitaji retrovizeri, masikio yangu inatosha.» Shofere wa namna hiyo, koperative isimupe mzigo, hata kama bei yake iko chini. Mutu akitaka kumupita na yeye hajui, akigeuka kushoto kukwepa shimo, ni nani atalipa?

Badala ya kukifunika, kipange. Kama motoka yako ni ndogo na dirisha la nyuma liko wazi, fanya hivi: kaa kwenye usukani, inamisha kichwa mpaka karibu na dirisha la kushoto, halafu sukuma kioo cha kushoto inje mpaka ubavu wa motoka uonekane kidogo tu kwenye ukingo wake. Halafu peleka kichwa katikati ya motoka na ufanye vile vile kwa kioo cha kulia. Ukikaa sawa tena, vioo vinaangalia pembeni zaidi, na taa za anayekufuata moja kwa moja haziingii tena machoni. Unapata faida nyingine: unaona ile sehemu ya pembeni ambayo moto wanapenda kujificha. Kwa wenye usukani upande wa kulia ni vile vile, dirisha la karibu ndilo la kuinamia kwanza.

Kwa kamyo, hatuwezi kusukuma vioo mbali hivyo, kwa sababu shofere lazima aone ubavu wa mzigo wake. Lakini robo moja ya kioo inatosha kwa ubavu. Wengi wanaipa nusu. Na kama mwangaza unakupiga, usihangaike na kioo huku unaendesha. Sogeza kichwa, kidogo tu, mbele ao pembeni, kwa upana wa kiganja. Mwangaza unaorudishwa na kioo unakwenda kwa mstari; ukitoka kwenye mstari, umetoka. Kama una uwezo wa kununua kioo kipya, uliza kile kilichovimba kidogo katikati. Kinaonyesha eneo kubwa na kinatawanya mwangaza. Ujue tu kwamba kinafanya kitu cha nyuma kionekane mbali kuliko kilivyo.

Kisha, sabuni. Tunasema sabuni kwa sababu pesa nyingi inapotea kwa miwani na plastiki nyeusi, wakati kioo chenyewe ni kichafu. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, vumbi jekundu na moshi wa mapori yanayochomwa vinakaa kwenye kila kioo. Ndani ya kabini kuna utando mwingine, wa moshi wa sigara, pumzi za watu na mafuta ya viti. Muchana hauonekani. Usiku kila kivumbi kinachukua mwangaza na kuutawanya, na parabrizi yote inakuwa nyeupe. Maji, sabuni kidogo, kitambaa safi, kisha kitambaa kikavu au karatasi ya gazeti: ndani na inje, parabrizi, vioo na taa zenyewe. Lakini vumbi limwagie maji kwanza, kwa maana ukilipangusa likiwa kavu linakwaruza, na mikwaruzo haitoki. Esuiglasi iliyokwisha mpira inafanya kazi ile ile mbaya.

Juu ya miwani ya manjano wanayouza kando ya njia kwa mashofere wa usiku: hazisaidii. Zinapunguza mwangaza wote, ule unaokuchoma na ule mdogo unaohitaji kumwona mutu wa baiskeli. Unajisikia vizuri, lakini unaona kidogo zaidi. Plastiki nyeusi kwenye dirisha la nyuma nayo ni vile vile.

Na kama kamyo imekung'ang'ania nyuma na haitaki kuachia? Hapa hatutoi shauri la ushujaa. Usikanyage freni kumwogopesha, mwenye tani 30 hasimami kama wewe. Usikimbie pia ili kumwacha, maana utaingia gizani kwa vitesi ambayo taa zako hazifikii. Punguza polepole, kaa upande wako wa kulia, muonyeshe kwamba unamupa njia, apite. Kama hakuna nafasi, vumilia mpaka peaje ama kijiji chenye watu, uingie pembeni pale. Kusimama peke yako porini usiku na mzigo wa koperative, sisi hatushauri. Na yule anayekuja mbele yako na taa kali, usimwangalie. Angalia ukingo wa kulia wa barabara, pale lami inapokutana na majani, na uufuate ule mpaka apite.

Sisi pia tunachoma macho ya wengine

Mpaka hapa tumewalaumu wengine. Lakini usiku huo huo, mbele yetu kuna shofere analalamika juu ya taa zetu, na mara nyingi ana haki, hata kama tumeweka kode.

Sababu kubwa ni mzigo. Mukipakia magunia mengi nyuma, sehemu ya nyuma inashuka na pua inapanda. Taa zinapanda pamoja na pua. Wale waliojifunza na sisi kupima mwinamo wa mfereji kwa mpira wa maji wataelewa haraka: taa ikiinuka kwa digrii moja tu, mwangaza umbali wa meta 50 umepanda karibu sentimeta 87. Mwangaza uliokuwa unapiga magurudumu ya mwenzako, sasa unapiga kioo chake, ama macho yake. Motoka nyingi zina kibonye kidogo kilichoandikwa 0, 1, 2, 3 karibu na usukani. Ni cha kushusha taa wakati wa mzigo: namba ikiongezeka, taa zinashuka. Tumeona motoka za miaka kumi ambazo kibonye kile hakijaguswa hata siku moja. Kama hakipo, basi pakia mazito mbele, karibu na kabini, na usipite kipimo cha mzigo. Tunajua sentensi hii ya mwisho haipendwi.

Kupima taa hakuhitaji mashini ya garaji. Tafuta ukuta na uwanja ulio sawa, giza likiingia. Kamyo iwe na mzigo wake wa kawaida, matairi yawe yamejaa hewa vizuri. Isimamishe meta 5 kutoka ukutani. Pima urefu kutoka chini mpaka katikati ya taa, uchore alama ya makala kwenye ukuta kwa urefu ule ule. Washa kode. Utaona mstari ambapo mwangaza unaishia na giza linaanza. Mstari ule unapaswa kuwa sentimeta 5 chini ya alama yako, yaani sentimeta 1 kwa kila meta. Kwa kamyo ambayo taa ziko juu sana, ushuke zaidi kidogo. Kama mstari uko sawa na alama ama juu yake, unachoma watu. Nyuma ya taa kuna visikurubu vya kushusha, fundi anavijua.

Ukiwa bado pale, angalia mstari vizuri. Hauko sawa pande zote: upande mumoja unapanda. Umetengenezwa hivyo ili kumulika ukingo wa njia, watu wa miguu na vibao, bila kumpiga anayekuja. Katika Kongo tunatembea upande wa kulia, kwa hiyo unapaswa kupanda kulia. Lakini motoka nyingi zetu zinatoka Ujapani, ambako wanatembea upande wa kushoto, na mstari wao unapanda kushoto. Ndani ya inchi yetu, kushoto ni pahali mwenzako anapotoka. Hata taa ikipangwa vizuri namna gani, ile kona inamwingia machoni. Makamyo yanayoingia kwa Kasumbalesa kutoka Zambia, Tanzania na Afrika Kusini yana jambo hilo hilo, kwa maana inchi zile zote zinatembea kushoto. Ndiyo maana usiku kwenye njia ile unachomwa hata na mutu ambaye hana kosa lolote.

Dawa kamili ni kununua taa zilizotengenezwa kwa inchi za kulia. Kwa aina nyingi za motoka zinapatikana, lakini si bei ndogo. Mpaka siku ile, kuna hila ya zamani. Mutu mumoja anasimama karibu na ukuta, mwingine anapitisha vidole mbele ya kioo cha taa, polepole, mpaka ile kona inayopanda kushoto ipotee ukutani. Pale vidole vilipo, bandika kipande cha plasta nyeusi, kidogo tu. Taa zenye jicho la mviringo ndani hazikubali hila hii vizuri. Hizo ni za fundi.

Na tafadhali, zile balbu nyeupe kali sana zinazouzwa sokoni ili kutia katika taa za zamani, muache. Kioo cha ndani ya taa kilipangwa kwa ajili ya uzi mudogo wa balbu ya kawaida, pahali maalumu. Ukiweka balbu ya namna nyingine, mwangaza unatoka ovyo, juu, pembeni, kila pahali. Mwenyewe anaona weupe mbele ya pua yake anafurahi, lakini mbali haoni zaidi, na wote wanaokuja wanamulaani.

Macho yenyewe

Hapa turudi shambani kidogo. Mutu anayekosa vitamini A anapoteza kuona usiku kwanza. Muchana anaona vizuri na jioni anagonga vitu. Kwa watoto na mama wenye mimba njo tunaona sana, lakini hata shofere anayekula bukari na samaki mukavu tu kila siku anaweza kupungukiwa. Sombe, matembele, lengalenga, papai, viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa ndani, na mafuta ya ngazi mekundu vinasaidia. Mafuta yale usiyachome mpaka yawe meupe, kwa sababu ule wekundu ndio wenye faida. Lakini kama mwangaza unamsumbua mutu zaidi mwaka kwa mwaka, na anaona duara kuzunguka kila taa, si jambo la mboga. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho anatibiwa kwa kupasuliwa hospitalini. Kamati inaweza kumwomba shofere apimwe macho mara moja kwa mwaka. Haimvunjii heshima.

Kuna pia swali ambalo kila kamati ijiulize: mzigo huu unalazimika kweli kusafiri usiku? Mahindi makavu hayana haraka, yaende muchana. Shu na vitunguu vikivunwa jioni na kulala penye kivuli na hewa, vinaweza kuondoka wakati anga inaanza kufunguka. Ni nyanya zilizoiva na mboga za majani ndizo zinazotukimbiza. Kwa hizo koperative zingine zinapeleka mzigo jioni mapema na kulipa mulinzi mjini mpaka asubuhi. Pesa ya mulinzi tumeipiga hesabu pamoja nao, na haifikii bei ya matairi mawili.

Memba wanaopeleka mazao kwa baiskeli, muvae kitu cheupe mgongoni na mufunge gunia jeupe safi nyuma ya mzigo. Kile kiplastiki chekundu cha kurudisha mwangaza kikivunjika, kirudisheni siku ile ile.

Mwezi huu tutapita kwenye depo zenu kama kawaida kwa ajili ya kupima unyevu wa mahindi. Kwenye kila depo yenye ukuta mrefu tutachora mistari ya kupimia taa, ibaki pale. Mashofere waje jioni, kamyo ikiwa na mzigo, na waje na bisikurubu yao.